Meshi Zimekwisha

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, Madeleine alikaa mbele ya msusi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, yule anayeimba mapambio huku kitana ki mdomoni. Nusu ya kichwa ilipokamilika, msusi alitangaza kwamba meshi, zile nywele za bandia za kusukia, zimekwisha. Akamwita Irambona, fundi cherehani ambaye tangu Pasaka alikuwa hajathubutu kumwambia Madeleine neno zaidi ya salamu.

"Muende bote Lilongwe, soko ya Tsoka. We Irambona, peke yako haujue rangi."

Madeleine alipoinama kuokota kitenge cha kujifunika kichwa, aliona furushi zima la meshi chini ya paja la msusi.

"Mama, unasuka nini?" alinong'ona.

"Nywele nitamaliza mukirudi. Hii ingine mutamaliza nyinyi benyewe."

Mwaka mmoja baadaye, msusi huyohuyo alimsuka Madeleine kwa ajili ya harusi. Meshi zilitosha.