Nilivyorudi kwenye muheme wa shangazi nikiwa na gitaa na sauti nyingine

Mbukwenyi wakuu. Kwa wasio wa Dodoma, hiyo ni salamu yetu Wagogo.

Nimekaa kimya humu muda mrefu, nasoma tu nyuzi zenu za magari na mapenzi. Leo zamu yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hakuna cha "kuna rafiki yangu mmoja" wala nini.

Mimi ni mwanaume. Nilizaliwa nikaitwa mtoto wa kike, nikalelewa hivyo, nikavalishwa hivyo. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza transition, yaani kubadili mwili uwe wa kiume, kwa daktari, sio kwa mganga. Wapi na vipi msiniulize, PM nimefunga. Na wewe uliyekuja kutukana, vuta kiti usubiri, sisi wengine tunaongelea muziki.

Twende.

Nimelelewa Chamwino na shangazi, dada yake baba, maana mama alifariki nikiwa mdogo. Shangazi analima mtama na alizeti, lakini ukimtaja kule hakuna atakayekupa habari za shamba. Watakupa habari za muheme.

Muheme ni ngoma ya akina mama. Kwetu wanaume wataimba, wataruka, watapiga zeze, ila zile ngoma zinazobanwa katikati ya mapaja ni za wanawake. Shangazi ndiye kiongozi wa kikundi. Na mimi, niliyeitwa binti yake, ndiye niliyekuwa naanzisha mapigo.

Mkono wangu ulikuwa mzito wakuu. Sijisifu. Haya, najisifu.

Gitaa nilikutana nalo chuoni, gitaa kavu la roommate, uzi mmoja haupo. Likaniganda. Wimbo wangu wa kwanza niliutunga kumhusu shangazi, anavyopepeta mtama huku anaimba. Niliuimba kwa sauti nyembamba, ya juu kabisa. Siku nilipompigia alifunika uso kwa kanga akacheka.

Baadaye nikaanza dawa za homoni za kiume, nikaenda kumwambia ukweli.

Hakupiga kelele, shangazi si mtu wa kelele. Alichukua ngoma yangu akaiingiza chumbani kwake. Akasema hajui sasa aniite nani, kwa hiyo nisiwe nakuja mpaka ajue.

Nikarudi mjini. Wakuu, huyo ndiye mzazi pekee niliyekuwa naye. Ukimtoa yeye, mimi sina pa kwenda Krismasi.

Na kama haitoshi, sauti nayo ikaondoka.

Ninyi mliobalehe mkiwa darasa la saba mlipata afueni, mlikuwa wengi. Mimi ni fundi wa sola. Nilibalehe juu ya bati la mteja kule Mtumba, naomba niletewe spana, neno linaanzia chini linamalizikia kwenye mluzi. Mteja akaniuliza kama nina mafua. Nikamwambia ndiyo bosi, mafua makali.

Msinielewe vibaya, sauti mpya nilikuwa naipenda. Nilikuwa najirekodi nasema "haloo" tu, nijisikilize. Ila ule wimbo wa shangazi ukanigomea kabisa. Kila nikifika kwenye kiitikio sauti inakatika. Nilikuwa naweka gitaa kitandani nalia. Nikaona nimepata nilichokitaka na nimelipia kwa nilichokipenda.

Nikaacha kuimba, nikawa napiga gitaa tu.

Hapo ndipo nikajistukia. Mkono wa kushoto ulikuwa unabana chords za kawaida kama watu wote. Wa kulia ulikuwa unapiga muheme. Kidole gumba kwenye uzi mnene ndiyo ngoma kubwa, vidole vingine vinajibu, kiganja kinagonga ubao. Hiyo sikuitoa YouTube. Hiyo niliitoa Chamwino, na hakuna aliyeweza kuifungia chumbani.

Nikaanza kulegeza nyuzi zote. Naushusha wimbo kidogo, najaribu, unakataa, naushusha tena, mpaka ukakutana na sauti yangu mahali ilipo. Siku ulipotulia nikaimba kiitikio hadi mwisho, chini kabisa, kifua chenyewe kinatetemeka. Nilisimama katikati ya chumba nikajipigia makofi mwenyewe kama mwehu.

Nikarekodi kwa simu, nikapost. Bila sura, bila jina.

Neema, binti wa shangazi, alikuwa bado anachat na mimi kimya kimya. Akaudownload. Siku wanapura mtama pale nyumbani akauweka kwenye spika, hakusema ni wa nani.

Anasema mama yake aliendelea kupura kidogo, halafu akaweka fimbo chini. Akaomba urudiwe. Akauliza huyo mwanaume ni nani, Neema akajifanya yuko bize na magunia. Shangazi akajijibu mwenyewe.

"Sauti siijui. Mkono ni wangu."

Akanipigia. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo alikuwa hajawahi kuisikia kwenye simu. Akaitikia marahaba. Kisha akasema Neema anaolewa, nije na gitaa. Akakata.

Siku ya harusi nikatinga suti, gitaa begani. Kikundi kimeshakaa, akina mama na ngoma zao mapajani. Ngoma yangu ya zamani ipo mbele, haina mtu.

Mazoea jamani. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikasogeza gitaa mgongoni, nikainama kuibana ile ngoma, na suti yangu.

Shangazi akanishika kifundo cha mkono.

"Acha. Hii ni ya wanawake. Nenda kasimame na wanaume wenzako."

Kwa mtu mwingine hilo ni karipio. Mimi nilitamani arudie. Alikuwa anatafuta aniite nani, na amepata, na amesema mbele ya ukoo mzima. Kuna baba mdogo mmoja aliguna. Shangazi akamtazama, akaacha kuguna.

Nikaenda kwenye mstari wa wanaume. Mpiga zeze akasogea nipate nafasi.

Desturi ni ngoma ianze. Siku hiyo shangazi aliketi mwenyewe kwenye ngoma yangu, akaibana, akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi. Nikaanza na gitaa, akajibu. Nikaimba wimbo wake kwa sauti yangu hii ya chini, akina mama wakapokea kiitikio kule juu, mahali pale pale nilipokuwa naimba mimi zamani.

Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye ngoma, safari hii hakuweza kujifunika kanga. Nilimwona anavyocheka.

Nilichojifunza: nilidhani ili niwe mimi lazima nitupe yule aliyefundishwa na shangazi. Kumbe ndiye anayenipigia gitaa. Ukoo haujakubali wote, wengine mkono hawanipi hadi leo, sawa tu. Lakini Krismasi hii nina pa kwenda, na sasa hivi send-off za Chamwino wananiita nikapige gitaa.

Wapiga gitaa wa humu, sauti zenu zilipobadilika mliushusha wimbo au mlitunga upya? Tupeane maujuzi. Na wewe uliyevuta kiti, zamu yako imefika, tukana.

Ile ngoma naimiss sana wakuu. Ila siigusi. Ni ya wanawake.