Kadi Iliyokataa Kuingia

Wenzangu mliofanya mtihani wa darasa la nane miaka ile ya elfu mbili na kidogo, hebu semeni kama nadanganya. Likizo ya kungoja kidato cha kwanza ilikuwa ndefu hadi mtu akasahau jinsi ya kushika kalamu. Sisi wa mtaa wa Mountain View tulikuwa tukitembea kwa miguu hadi mtaa jirani wa Kangemi, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa na televisheni mbili na mashine za gemu. Ndani kulinuka soksi na mahindi ya kuchoma. Ukifungwa, unainuka, mwingine anakaa. Mimi nilikuwa nafungwa upesi. Vijana wa leo mtandao ukikwama kidogo tu wanashika kichwa kama waliofiwa; sisi tulipanga foleni saa nzima ili tucheze dakika chache, na tulirudi nyumbani tukiimba.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa nyama kwenye machinjio ya Dagoretti. Aliondoka alfajiri akiwa na gambuti na koti jeupe, akarudi jioni akinukia sabuni ya kipande. Alikuwa ameniahidi jambo moja: "Ukipita vizuri, nakununulia kompyuta." Alikuwa amesikia kanisani kwamba mtoto asiyejua kompyuta ataachwa nyuma, ingawa hakuna aliyemweleza ataachwa nyuma ya nani. Nikapita.

Dada yangu Wairimu alikuwa na miaka ishirini. Alama zake za kidato cha nne hazikumfikisha chuo kikuu, na tangu matokeo yale yatoke, baba alizungumza naye kupitia kwa mama. "Mwambie apashe chai moto," alikuwa akisema, na Wairimu ameketi palepale. Wairimu alikuwa amepata kibarua kwenye saiba moja ya Kangemi, duka la kukodisha mtandao. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia watu barua pepe, lakini mashine zilipogoma alizifungua mwenyewe kwa bisibisi, na nyingi zilipona.

Yeye ndiye aliyeleta wazo. "Usikubali anunue ile kompyuta tayari imekaa dirishani mwa duka," aliniambia. "Hiyo ni ya kuandikia barua. Kwa bei hiyohiyo tunanunua vipande, tunaunga wenyewe, na unapata kitu inacheza gemu kama moto." Nilimwambia baba, kwa sababu Wairimu hangeweza kumwambia. Mama alisema tu, "Msinigeuzie nyumba kuwa gereji." Baba alifikiri sana, kisha akasema atatupeleka mjini mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kununua kitu bila kukishika.

Hapo ndipo tulipoanza kupotea. Wairimu alikuwa na orodha kwenye karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Duka la kwanza pale barabara ya Luthuli walituambia tuongeze nguvu ya prosesa, ule ubongo wa mashine. La pili wakasema prosesa si kitu, tuongeze ram. La tatu, jamaa aliyevaa saa mbili mkono mmoja akacheka orodha yetu yote na kusema tumeandikiwa na mtu wa zamani.

"Ram?" akauliza baba, ambaye kwa Kiingereza ram aliyemjua ni dume la kondoo. "Sasa mnanunua kondoo?"

"Ni ya kukumbukia, baba," nikasema.

"Kondoo hakumbuki kitu. Mimi nawajua."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na kichwa changu kilizunguka. Kila muuzaji aliongea kwa uhakika, na kila mmoja alipinga mwenzake. Namba zilikuwa kila mahali. Kubwa ilikuwa nzuri huku, mbaya kule. Wairimu alijifanya anaelewa, lakini nilimwona akipangusa viganja kwenye sketi. Baba yeye aliomba kila kipande akishike. Alikipima uzito, akakigeuza, akakinusa. Kisha akanitazama mimi, nikamtazama Wairimu, naye akatazama karatasi.

Tulinunua kwa yule wa saa mbili. Alikuwa na kadi ya picha, ile inayofanya gemu zionekane vizuri, na alikuwa ameishusha bei hadi tukashangaa. Wairimu alipoiona macho yalimng'aa. "Hii ilikuwa ya watu wakubwa," akaninong'oneza. Tukabeba kila kitu nyumbani kwenye maboksi, baba akiwa amekumbatia lile la kadi kama anayetoka hospitalini na mtoto mchanga.

Jumamosi mchana, baada ya kula githeri, tulitandaza shuka juu ya meza. Wairimu alianza na ule ubao mkubwa ambamo vipande vyote huchomekwa, wenyewe wakiuita motherboard. Prosesa ikaingia. Ram ikaingia, ikalia tak! Baba akaruka. Kisha ikafika zamu ya kadi. Wairimu akaishusha, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa. Mapengo ya kadi na mwanya wa ubao havikuwa vya ukoo mmoja. Akasukuma kidogo, ubao ukapinda, akaachilia kana kwamba umemchoma.

Alisoma boksi la kadi, akasoma la ubao, akarudia. Ndipo akaelewa. Kadi ilikuwa ya mtindo uliokuwa ukiondoka sokoni, na ubao ulikuwa wa mtindo mpya uliokuwa ukiingia. Bei haikuwa imeshushwa kwa wema.

"Nimeharibu," akasema. Akaweka bisibisi mezani, akatoka.

Baba akaniuliza kuna nini. Nikamweleza nilivyoweza, yaani vibaya. Nilingoja afoke. Badala yake aliinuka, akamfuata nje hadi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, karibu na kamba ya nguo. Mimi nikasimama dirishani.

"Wairimu," akasema. Nilishtuka kusikia akilitaja jina hilo. "Kabla wewe hujazaliwa, nilienda Kajiado, nikanunua fahali. Mkubwa, mweusi, kila mtu sokoni alimtazama. Bei yake ilikuwa nzuri mno. Tulipomchinja, daktari wa kukagua nyama akapasua ini, akatikisa kichwa. Nyama yote ikamwagiwa dawa na kutupwa shimoni. Yote."

Wairimu akafuta pua kwa kiwiko. "Ulifanya nini?"

"Nililia. Nyuma ya lori, watu wasinione. Halafu nikarudi sokoni wiki iliyofuata, kwa sababu sasa nilijua ini mbaya hufanana vipi." Akatupa jicho mlangoni. "Mama yako hajui hii maneno. Usimwambie."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa Wairimu tangu matokeo yatoke. Sikuelewa vizuri nilichokuwa nikikiona, lakini nilijua nisikohoe.

Jumatatu tulirudi mjini sote watatu. Yule wa saa mbili alitazama kadi kama asiyewahi kuiona. "Ikishatoka dukani hairudi, mzee." Baba akamuuliza kwa upole kwa nini hakutuambia haifai ubao aliotuuzia yeye mwenyewe. "Hamkuuliza," akajibu, na kugeukia mteja mwingine. Baba akaichukua kadi, tukatoka.

Mlango wa tatu kutoka pale kulikuwa na mama mmoja mnene, amevaa miwani yenye kamba shingoni, akiuza vipande kutoka kibanda chembamba kama kabati. Wairimu akamweleza shida yetu bila kujificha. Yule mama akaichunguza kadi. "Hii mimi nitaichukua," akasema. "Nina wateja wengi bado wako na ubao wa zamani. Nawapatia ya mtindo wenu, tunabadilishana." Akaweka mbili kwenye kaunta. Wairimu akashika ile kubwa.

"Hiyo inakula stima sana, msichana wangu. Hiyo pawa yenu, boksi la kuleta stima ndani, itachoka, mashine izime katikati ya gemu."

Baba akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hiyo, alikuwa amesikia lugha yake, ile ya mifugo. "Inakula sana, na faida yake?"

"Kwa mtoto wa kucheza nyumbani? Kidogo tu kuliko hii nyingine."

"Basi tupe hiyo inakula kiasi," baba akasema. Akamgeukia Wairimu. "Ama unaonaje wewe?"

Wairimu alimtazama kwanza kama asiyeamini kwamba anaulizwa yeye. Akaweka ile kubwa chini. "Hata mimi naona hivyo, baba."

Jioni hiyo kadi iliingia. Lakini tulipowasha, feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Tukatoa ram, tukarudisha. Tukazima, tukawasha. Mama akaombea chakula akaiombea na kompyuta. Nilikuwa karibu kulia Wairimu alipoinama nyuma ya mashine, akaanza kucheka. Waya wa skrini tulikuwa tumeuchomeka kwenye ubao badala ya kwenye kadi mpya. Akauhamisha, na herufi nyeupe zikajaa pale mbele yetu.

Tuliweka mchezo wa mpira. Baba akavuta kiti, akatazama kwa makini, akauliza ni nani wanacheza na uwanja ni wa wapi. Niliposimamisha mchezo ili ninywe maji, alikasirika kweli: "Sasa refa amesimamisha kwa nini?" Tulicheka hadi mama akaja kuona. Halafu baba, macho bado kwenye skrini, akauliza, "Wairimu, hii kazi ya vipande inasomewa wapi?" Mwezi uliofuata alimpeleka mwenyewe chuoni mjini kujiandikisha, akiwa amevaa suti ya kanisani.

Juzi mwanangu naye alijiungia kompyuta yake. Alichagua vipande kwa simu, na simu ikamhakikishia kwamba kila kimoja kinapatana na mwenzake. Mtu wa pikipiki akaleta maboksi hadi getini. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake nikamuuliza kama anahitaji msaada. "Iko sawa, baba," akasema, masikio yameziba kwa vifaa vyake vya muziki. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa amemaliza.

Nikampigia Wairimu, ambaye siku hizi ana watu wanane wanaomfanyia kazi, kumpa habari.

"Iliwaka mara ya kwanza?" akauliza.

"Mara ya kwanza. Hakuhitaji mtu."

"Woiye," akasema. "Maskini mtoto."