Mama wa Mabuti

Nilianza kumpenda mwimbaji wa soprano nikiwa na miaka hamsini na mbili, kwenye kibanja changu hapa Chonyonyo, napogoa kahawa. Nasema kumpenda kwa maana ya sauti yake. Mke wangu alilijua hilo, na aliwaeleza majirani kabla hawajauliza.

Fundi simu alikuwa amenijazia nyimbo za kwaya kwenye memori. Mmoja ulikuwa wa kwaya ya Bugomora, kule Kyerwa. Katikati ya wimbo vyombo vinanyamaza, sauti ya mwanamke mmoja inapanda, inafika mahali ambapo ungedhani ndiyo mwisho, halafu inapanda tena kidogo. Siku niliyoisikia mara ya kwanza nilikata tawi lililojaa maua. Nikalitazama pale chini, nikarudisha wimbo mwanzo.

Mke wangu anaimba alto kwenye kwaya ya kigango chetu, na watu wa alto hawasifu ovyo. Nilimwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anapumua vizuri." Katika miaka yetu ya ndoa mimi sijawahi kuambiwa jambo kama hilo.

Baadaye niliiona video yao. Mbele alisimama binti mrefu mwenye gauni la kijani, na nyuma kabisa ng'ombe walikuwa wanakula majani bila kujali. Wimbo ulipofika mahali pangu, binti alifumba macho na kuinua mkono. Nikaridhika kwamba ni yeye. Nilisikiliza hivyo miaka mitatu, nikimwona huyo binti.

Kisha ikatangazwa kwamba kwaya ile ingeimba kwenye tamasha, Jumapili mchana, kanisani kwao. Nilipiga pasi suruali mara mbili. Nilikaanga senene, nikawatia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na nikatunga sentensi moja ya heshima ya kumwambia. Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki, mke wangu nyuma, ndoo katikati yetu. Tulipofika Bugomora tulikuwa na rangi ya barabara. Mke wangu alinipangusa uso kwa khanga, tukakaa benchi la pili.

Ziliimba kwaya nne kabla yao. Sizikumbuki hata moja, na nawaomba radhi.

Wao walipoingia, binti mrefu alisimama mbele vilevile. Vyombo viliponyamaza, alifumba macho. Sauti ikapanda, ile ile, lakini haikutoka kwake. Midomo yake, ambayo kwenye kioo kidogo cha simu sikuwahi kuiona vizuri, ilikuwa imefungwa kabisa. Ilitoka mstari wa nyuma, kwa mama mfupi wa miaka sitini na zaidi, ambaye chini ya sare yake alivaa mabuti ya mvua. Aliimba akiwa ametulia, macho dirishani, kama mtu anayeangalia nguo alizoanika.

"Si yule," mke wangu alininong'oneza. "Ni huyu wa mabuti."

"Nimeona."

Sauti ikafika mwisho wake, halafu ikapanda tena kidogo. Hapo nikalia. Sikupiga kelele, lakini mabega yalinitikisika, na mwanamke wa benchi la mbele aligeuka akamuuliza mke wangu kama tumefiwa.

"Hapana," mke wangu alijibu. "Anapenda soprano."

Nje, baada ya tamasha, binti mrefu ndiye aliyetuona kwanza na ndoo yetu. "Shikamooni. Kama ni kwa ajili ya ile sauti, si yangu. Watu wengi wanakosea. Mimi naimba alto. Mwalimu aliniweka mbele kwa sababu yule mama mwenye sauti alikataa kuvua mabuti."

"Alto?" Mke wangu alimpa mkono, akaushikilia wake muda mrefu.

Mama tulimkuta nyuma ya kanisa, anakunja sare yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Chonyonyo."

"Mbali! Mna shughuli gani huku?"

"Tumekuja kukusikiliza wewe."

Alimtazama mke wangu ili ahakikishe. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Sentensi yangu ya heshima ilikuwa imeshapotea, kwa hiyo nikasema tu, "Pale sauti inapopanda, halafu inapanda tena."

"Pale nilikosea," akasema. "Siku ya kurekodi niliingia juu mno, nikatafuta pa kutokea, sikupaona. Mwalimu akasema tuache hivyo hivyo, umeme usije ukakatika. Sasa nakosea hivyo kila mara." Akaitazama simu yangu. "Inasikikaje? Mimi nina kitochi, simu isiyopiga nyimbo, sijawahi kuusikia huo wimbo."

Nikamwashia. Aliishika simu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Wimbo ulipofika pale alifungua mdomo kidogo, kisha akaufunga.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Hebu rudisha."

Alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu alijifuta jicho kwa sare iliyokunjwa, akanirudishia simu. "Kumbe," akasema.

Nikamkabidhi ndoo. Alifunua, akafunika. "Mimi senene sili, tangu utoto. Ila mume wangu atafurahi sana, asante." Hivyo ndivyo nilivyosafiri tangu alfajiri kumpelekea zawadi mwanamume nisiyemjua.

Alitupeleka nyumbani kwake, karibu na malisho, akatupa maziwa ya mgando kwenye vikombe vikubwa. Kuhusu kuimba hatukuongea tena. Alituonyesha ndama aliyekuwa hanyonyi vizuri, na mke wangu, aliyekulia kwenye ng'ombe, akapiga magoti, akamfungua mdomo na kumkagua ulimi. Walishauriana juu ya huyo ndama mpaka jua likaanza kushuka. Mimi nilishika kamba.

Siku hizi wanapigiana simu kila Jumamosi. Wanaongea ng'ombe, wanaongea wajukuu, mara nyingine mke wangu anauliza jambo la kupumua, kisha anajaribu jikoni. Nikipita karibu ananiambia nipunguze sauti ya redio. Ndama alipona. Amekuwa mtamba sasa, na wamempa jina la mke wangu.