Kaniki kwenye Waya wa Mjomba

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa hili: kati yangu na marehemu mjomba, nani alikosea kuunga betri?

Nikilala ubavu wa kulia nilijiona mimi ndiye niliye sahihi. Nikigeuka kushoto, usahihi ulihamia kwa mjomba. Mimi nilikuwa na shahada ya fizikia, bado mpya kabisa, na barua ya kuanza kufundisha sekondari hapo hapo Mtwara. Yeye alikuwa bwana afya aliyeishia darasa la nne, na kwa miaka mingi alikagua visima na vyoo katika vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Ruvuma, juu ya pikipiki ya Kiingereza aliyoinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Hakuwahi kulala njiani kwa sababu ya taa. Mimi nilikuwa nayo kwa wiki tatu tu, na taa haikuwaka.

Pikipiki ilinifikia kwa wasia. Kwetu mpwa ni mtu wa mjomba wake, na mjomba alisema mbele ya mashahidi kwamba nyumba na shamba vigawanywe kisheria, ila pikipiki apewe mtoto wa dada yake. Mwanawe wa kumzaa, ambaye alikuwa akifanya kazi bandarini, alikubali bila neno. Tuseme bila neno la hasira. Maneno mengine alikuwa nayo tele, maana kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, na mtani hakai kimya.

"Msomi," aliniambia siku ya kunikabidhi, "uwe mwangalifu. Kwenye mdude huu kila kitu kiko kinyume. Kama wewe unavyorithi cha baba yangu na mimi nipo hai."

Nilicheka. Mtani akisema, unacheka, kisha unamtafutia na wewe la kumrudishia. Mimi sikupata la kumrudishia, kwa hiyo nikacheka mara ya pili.

Jioni ile ile nikafungua kisanduku cha betri, kwa nia ya kusafisha tu. Waya zote zilikuwa za rangi moja, rangi ya vumbi na mafuta ya miaka mingi. Waya mmoja mjomba alikuwa ameufunga kitambaa cheusi, kipande cha kaniki. Waya huo ulitoka upande wa hasi wa betri, ukapitia kwenye fyuzi, ukaenda kwenye taa na honi. Upande wa chanya ulikuwa umekazwa kwa skrubu kwenye fremu, chuma kwa chuma.

Nilishtuka. Katika kila mchoro niliouona chuoni, upande wa hasi ndio unaokazwa kwenye bodi ya gari. Nikajiambia kwamba mzee wa watu alichanganya, na Mungu tu ndiye aliyemlinda. Nikazigeuza waya: hasi kwenye fremu, chanya kwenye taa. Nilimsahihisha marehemu kama ninavyosahihisha daftari la mwanafunzi, nikanawa mikono, nikaingia ndani nikiwa na furaha.

Kuanzia hapo sikuelewa tena kitu. Injini iliwaka kama kawaida, kwa sababu pikipiki zile zilijitengenezea umeme wa plagi zenyewe bila kuitegemea betri. Nikiwasha taa injini ikiwa imezimwa, taa iliwaka, lakini mshale wa mita ya chaji ulisogea upande wa kujaza. Taa inawezaje kujaza betri? Nikaamua mita ni mbovu. Kisha nikiwasha injini na kuongeza mafuta, mshale uliruka ghafla upande ule ule mpaka mwisho, fyuzi ikakatika, na taa na honi vikafa pamoja. Mjomba aliacha kopo la tumbaku lenye fyuzi tatu. Nilikata ya kwanza. Nikafikiri siku mbili, nikachora michoro minne, nikakata ya pili. Ikabaki moja.

Niliipeleka pikipiki kwa fundi mmoja wa mjini. Alisikiliza injini kidogo, akasema dainamo, ile inayoichaji betri, imekufa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Hufa." Nikarudi nayo nyumbani.

Ingekuwa ni shida yangu peke yangu ningefundisha kwa miguu. Lakini mke wa mjomba alikuwa katika eda, ndani ya nyumba yao ya Rahaleo ambako pikipiki ilikaa uani, na eda ilikuwa inaisha siku ya Jumatano. Alikuwa ameniomba jambo moja tu: Alhamisi nimpeleke kwao Kilambo kumwona mama yake, kikongwe ambaye hakuweza kuja msibani. Na tuondoke mara baada ya adhana ya alfajiri, kama alivyokuwa akifanya mumewe, kwa sababu mchanga wa njia ile ukipata jua unalegea na pikipiki inazama. Safari ya saa ile haiendeki bila taa. Nilikuwa nimemjibu ndiyo. Nilikuwa nimesema hata "usiwe na wasiwasi, mama", mimi ambaye nina wasiwasi hata nikifunga mlango.

Jumatatu mtani wangu alipita akitoka kazini, akanikuta nimekaa chini nikiitazama ile fyuzi ya mwisho.

"Bado tu unaisomea? Chukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, viringisha hapo kwenye fyuzi. Haitakatika tena mpaka kiama."

Akaenda zake. Nilikaa na karatasi ya sigara mkononi kwa saa nzima. Kama ni ushauri, ulikuwa ushauri wa hatari. Kama ni utani, sikuona pa kuchekea. Sura yake ni moja kwa yote mawili. Mwishowe niliitia karatasi mfukoni, si kwa sababu nilijua, bali kwa sababu niliogopa.

Jumanne asubuhi sauti ya mke wa mjomba ilitoka nyuma ya pazia la mlango wa uani.

"Mwanangu, injini naisikia, ni ile ile. Honi mbona siisikii?"

"Naishughulikia, mama."

"Ile kaniki bado ipo?"

"Ipo."

"Niliichana mimi. Alisema, nipe kitambaa niufunge waya unaouma, nisiuache ukagusa chuma. Siku hiyo ulikuwa umemtolea cheche mpaka akaruka. Sasa umeufunga wapi?"

Niliitazama skrubu niliyoikaza. Kisha nikasema, "Kwenye chuma, mama."

"Eh," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Sikujua kama ananipa heshima au ananihurumia. Na hata hapo akili yangu haikutulia. Ukiukaza waya mmoja kwenye fremu, ule wa pili ndio utakaouma, uwe chanya au hasi. Kwa hiyo kaniki haikuthibitisha kwamba mjomba alikuwa sahihi. Ilithibitisha kwamba hakuchanganya. Alijua upi ni upi, akaweka alama, akaacha hivyo miaka yote ile. Hapo ndipo nikakumbuka neno la mtani wangu, "kinyume", nikahisi joto masikioni.

Nilimsubiri mtani wangu nje ya geti la bandari mpaka walipotoka.

"Siku ile uliposema kila kitu kiko kinyume, ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

Nikageuka kuondoka.

"Ngoja wewe! Ya urithi nilikuwa natania. Ya betri ilikuwa kweli. Chanya inakaa kwenye chuma, waliounda waliiunda hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuigeuza, baba akanizaba kofi mpaka leo nalikumbuka."

"Mbona hukuniambia vizuri?"

"Nilikwambia. Ukacheka. Ukacheka tena."

"Na karatasi ya sigara?"

Hapo uso wake ulibadilika, kwa mara ya kwanza tangu msibani. "Hukuiweka?"

"Sikuiweka."

Alishusha pumzi. "Nilidhani msomi hawezi kufanya upuuzi ule. Ungeiunguza dainamo ya baba."

Hakusema dainamo yako. Tulitembea pamoja mpaka Rahaleo bila mzaha wowote, na mimi njia nzima nikitafuta pa kupinga. Labda alikumbuka vibaya. Labda kofi lilikuwa la jambo jingine. Nilikuwa na fyuzi moja, na bado sikuielewa ile mita.

Uani nilimpa bisibisi. Aliikataa.

"Yako hiyo. Wewe uligeuza, wewe geuza."

Basi nikaamua. Sikuwa nimeelewa, ila niliamua. Nilifungua skrubu yangu, nikautoa waya wa kaniki kwenye fremu, nikaurudisha ulikokuwa. Nikaikaza chanya kwenye chuma, mahali pale pale palipokuwa pamechubuka kwa skrubu ya mjomba. Nikaweka fyuzi ya mwisho. Nikawasha taa, na mshale ukasogea upande wa kupungua, kama inavyostahili taa inapokula betri. Ndipo nikafahamu kwamba mita haikuwa mbovu hata siku moja. Nikapiga kiki. Injini ikawaka, nikaongeza mafuta taratibu huku jicho moja nimelifumba. Mshale ukapanda upande wa kujaza, ukatulia hapo, na fyuzi haikukatika, maana dainamo na betri hazikuwa zikipingana tena.

"Honi!" ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

Nikaibonyeza.

Alhamisi baada ya adhana tuliondoka, yeye akiwa amekaa upande nyuma yangu na kikapu chake mapajani. Mpaka Mtawanya nilikuwa nautazama mshale kuliko njia, nikijiuliza je, ukianguka, nitafanya nini.

"Mwanangu," alisema, "anayeendesha hutazama mbele."

Nikainua macho, nikaufuata mwanga wa taa mchangani.