Kaseti Niliyoijibu Kabla ya Kuisikiliza

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo ningeifuta kama ningepewa kifutio. Nilikuwa kijana, nina miaka miwili tu hapa Minnesota, nafanya kazi ya kutunza wazee katika mji wa New Hope. Huwa siisimulii. Leo nitakusimulia, na mwishoni utajua kwa nini nimekuita.

Siku zile simu ya kwenda Kenya ilikuwa ya mambo ya haraka tu, na wa nyumbani hawakumudu kunipigia. Mazungumzo yenyewe tuliyarekodi kwenye kaseti, tukampa msafiri. Kwetu Taita mama aliweka redio mezani, akawaita watu wanisalimie mmoja mmoja: mjomba, majirani, hata jogoo alipata zamu. Lakini mfunguzi alikuwa baba. Alikohoa kidogo, akasema, "Hapa ni redio ya nyumbani, na msomaji ni baba yako." Kila mara maneno yale yale, na kila mara nilicheka.

Basi ikaja kaseti moja. Nikaiwasha garini, nikasikia mama anafungua yeye, kisha mjomba, kisha mama mmoja wa kanisani ambaye salamu zake zina urefu wa mahubiri. Baada ya dakika tano nikazima. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, lakini uchovu haukuwa sababu. Nilijiona nimeshayajua yote watakayosema. Tena mzee mmoja Mkenya, wa mji jirani wa Champlin, alikuwa anasafiri kwenda nyumbani kesho yake, nami nilitaka jibu liondoke naye. Haraka haraka haina baraka, na mimi sikuwa na hata moja. Nikachukua kaseti mpya nikasema, "Mama, nimesikiliza yote, neno kwa neno. Nimefurahi sana kwamba mko salama. Na wewe baba, siku hizi umekuwa bwana mkubwa? Hata salamu zimekushinda?" Nikamalizia kwa kicheko kirefu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua wiki tatu.

Pale kazini nilimhudumia bibi mmoja wa Kizungu, tumwite Bi. Edna. Macho yalikuwa yamemwacha, kwa hiyo kila alasiri, nikishamkanda miguu, nilimsomea barua za nyanya wa nyanya yake. Mwanamke huyo aliondoka Amerika zama za meli za matanga, yeye na mumewe mmisionari na mtoto mchanga, kwenda Bara Hindi. Walikaa majini zaidi ya miezi minne. Maji ya kunywa yalinuka pipa, na nepi zilizofuliwa kwa maji ya chumvi zilimtoa mtoto upele. Kila siku alimwandikia dada yake ukurasa mmoja, na kila ukurasa aliufunga kwa salamu za mama yao: mwambie mama asishone gizani, mwambie mama mtoto ameota jino. Walipokutana na meli inayorudi, waliikabidhi barua. Majibu yalimfikia baada ya mwaka na zaidi. Mama yao alikuwa amezikwa mwezi wa pili wa safari. Jino lile alikuwa ametangaziwa marehemu.

Nikaikunja karatasi. Bi. Edna akaniuliza, "Na wewe, unazungumzaje na watu wako?" Nikajisifu kwa kaseti zetu, nikasema ni kama kukaa nao sebuleni.

"Vizuri," akasema. "Mama yako alikuambia nini mara ya mwisho?"

Nikainama kumvalisha soksi, maana sikujua.

Zamu ilipokwisha nikaitoa ile kaseti chini ya kiti cha gari, nikaisikiliza pale pale nilipoegesha. Baada ya salamu zote, mama alishusha sauti. "Mwanangu, baba yako amepooza. Hasemi tena, lakini anasikia kila kitu. Ukijibu, anza na yeye, useme naye polepole. Anangoja sauti yako."

Kesho yake asubuhi, kule ikiwa jioni, nilipiga simu duka la jirani, akaitwa mdogo wangu Mwadime. Ndiye baba yako, mwanangu. Wakati huo alikuwa bado sekondari.

"Kaseti yako ilifika," alisema. "Tulimketisha baba karibu na redio."

"Akafanyaje?"

"Dada, niliizima. Lakini alikuwa ameshasikia."

Siku iliyofuata wakambeba baba kwa kiti hadi dukani. Nilimwomba radhi mpaka kadi ya simu ikaisha, nami nikisikia pumzi zake tu. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Nilimsimulia Bi. Edna, nikitarajia anibembeleze. Hakunibembeleza. "Yule bibi yangu alizuiwa na bahari," alisema. "Wewe ulizuiwa na nini?" Nina mvi kichwa kizima sasa, na swali hilo bado naamka nalo.

Jana ulipokuwa unanipeleka dukani pale Brooklyn Park, baba yako alikutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nilikuona kwenye taa nyekundu. Ulimtumia alama ya kidole gumba kabla hajatamka neno, ukaiweka simu chini. Nilimwona yule msichana niliyekuwa kule New Hope, nikaona haya upya.

Mwanangu, usijibu usilolisikia. Watu wetu hawaanzi na jambo. Huanza na mvua, na ng'ombe, na nani kaoa, na jambo lenyewe hulificha mwisho, kwa anayewapenda kiasi cha kufika huko. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika, nilimvunja mkuu mwenyewe.

Haya, itoe hiyo simu, tumsikilize baba yako pamoja mpaka mwisho. Mungu akuzidishie miaka ya kuisikia sauti hiyo, na siku itakaponyamaza, iwe umekwisha kuijibu.