Lebo Ilisema Mia Tano

Nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, anakula dawa ya meno kwa kijiko.

"Mamdogo, tamu," akaniambia, mdomo mzima waridi.

Ni binti wa dada yangu, miaka miwili na nusu, kilo kumi na moja. Tunamwita Kibonge, ingawa hana ubonge wowote. Tyubu ya ladha ya stroberi ilikuwa imebaki robo.

Dada alicheka kwanza. Kibonge alipoanza kutapika, kicheko kikakatika.

Tukambeba mbio hospitali, na tyubu mkononi.

Daktari, mama mmoja mtulivu, akasoma nyuma ya tyubu. "Floraidi mia tano. Ya watoto kweli." Akapiga hesabu kwenye simu. "Kwa uzito wake, hajafikia hatari. Mpeni maziwa, mkamwangalie nyumbani."

Dada akashusha pumzi. Mimi nikaganda.

Maana nafanya kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza dawa hiyo. Maabara. Anayepima floraidi, kemikali ya kulinda meno ambayo ikizidi ni sumu, ni mimi.

Mwezi mmoja nyuma dawa ya meno ya watoto ilipungua. Bosi akaamuru ile ya watu wazima itiwe rangi na ladha, ijazwe kwenye tyubu za watoto. Nikapima: elfu moja mia nne na hamsini. Karibu mara tatu ya lebo.

Nikampelekea karatasi ya vipimo.

"Kwani watoto wanakula dawa ya meno?" akaniuliza. "Wanapiga mswaki, wanatema. Weka sahihi, usinitie presha."

Nikaweka.

Sasa, pale hospitali, nikatazama namba iliyogongwa mwishoni mwa tyubu. Mzigo ule ule.

Nitasema ukweli, hata kama utanichukia: sikufungua mdomo. Niliwaza kazi. Niliwaza polisi. Dada akambeba mwanaye, tukatoka hadi getini.

Hapo Kibonge akalegea. Shingo ikaanguka, vidole vikajikunja.

Nikampokonya, nikarudi mbio napiga kelele. "Lebo ni ya uongo! Siyo mia tano! Ni mara tatu!"

Wakamtundikia dripu ya kalsiamu, wakambandika waya kifuani. Moyo ulikuwa unaruka mapigo. Tukakaa kwenye korido. Dada hakuniuliza nimejuaje. Alinitazama tu, kisha akahama benchi.

Siku ya tatu mtoto akafumbua macho, akaomba maji.

Nikalia kama mtoto mwenyewe. Nikajua tumeponea chupuchupu.

Daktari akaniita pembeni.

"Wiki iliyopita alikuja mtoto mwingine," akasema. "Tyubu kama hii. Nilisoma lebo, nikapiga hesabu, nikamrudisha nyumbani akanywe maziwa. Habari zake nimezipata leo."

"Anaendeleaje?"

Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

"Nilimwambia mama yake asiwe na wasiwasi."



Siku hiyo hiyo nikapeleka nakala za vipimo kwa wakaguzi. Dawa ikaondolewa madukani. Bosi anasubiri kesi, na mimi pia ni mshtakiwa. Kwa mama wa yule mtoto aliyefariki bado sijathubutu kwenda.

Ndugu yangu, dawa ya meno iweke mbali na mtoto, hata yenye katuni.

Na kama kazi yako ni kupima au kubandika lebo, jua kuna daktari ataiamini namba yako huku kamshika mtoto wa mtu. Hatajua kwamba siku ile ulikuwa unamwogopa bosi.