Mashine Iliyomwita Mgeni

Juzi nilipita Kawangware kutafuta spea za baiskeli, nikasikia vishindo vya makonde na mateke nyuma ya duka la kinyozi. Rafiki yangu, miguu ilikata kona kabla kichwa hakijaamua. Ndani, vijana wenye simu za bei kubwa kuliko nyumba ninayolala walikuwa wamezitia mfukoni, wamepanga foleni kusubiri gemu ya kupigana inayowazidi umri. Nikaichungulia mashine. Ubavuni ilikuwa na kovu jeusi la kuunguzwa na jiko. Nikajua ni yenyewe.

Tulikuwa nayo utotoni Laini Saba, kule Kibera, kwenye kibanda cha mabati kando ya reli. Treni ikipita, wapiganaji wote wawili kwenye kioo walitetemeka kama wana malaria. Nusu ya batani zilikuwa zimekufa, na bado sijaona burudani inayoikaribia ile. Ulipigana na mtu aliyesimama begani kwako, unasikia pumzi yake, unajua mchana amekula nini. Ukishindwa, huna pa kujificha. Nusu ya Kibera iliniona nikipigwa, na nusu iliyobaki ilisimuliwa.

Spika ilikuwa imepasuka. Mtu akishinda, mashine ilikoroma neno moja, nasi tuliapa kwamba inasema "mueni". Hicho ni Kikamba, maana yake mgeni. Aliyetuhakikishia ni nyanya mmoja wa Kitui, tuliyemwita susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Alipika muthokoi mlango wa pili, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na harufu yake ilikatiza mateke hewani. Kwake, mgeni hatangazwi halafu akaachwa na njaa. Basi kila Jumamosi, aliyemaliza akiwa bingwa alikuwa mgeni wake: kigoda, sahani iliyofurika, na susu mwenyewe akikumwagia maji ya kunawa.

Mgeni alikuwa mmoja tu, binti wa fundi viatu. Vidole vyake vilikimbia hadi macho yakaachwa nyuma. Kile kigoda alikikalia mpaka kikachukua umbo lake. Mimi nilitaka kukikalia mara moja tu, zaidi ya nilivyotaka kwenda mbinguni.

Kisha mwenye mashine, landilodi mmoja wa Kawangware, akasema anaihamishia kwake. Jumamosi iliyofuata ndiyo ingekuwa ya mwisho. Siku hiyo niliwapita wote, nikabaki na binti wa fundi. Akaniuliza kama nimeaga nyumbani. Nilikuwa naomba. Tulipigana mpaka mabati yakatoa jasho. Uhai wangu kwenye kioo ukabaki uzi, wake ukabaki uzi. Mpiganaji wangu akaruka, teke likampata wake kidevuni, akaanza kuanguka.

Stima ikapotea.

Tukabaki tunatazama kioo cheusi chenye sura zetu wenyewe.

"Amenipiga, susu," binti wa fundi akasema. "Nimejiona nikienda chini."

Susu alikuwa mlangoni na mwiko wake. Akafikiri kidogo. "Mashine haijamwita," akasema. "Sasa nitamkaribisha vipi?"

Hakuna aliyebisha, hata mimi. Stima iliporudi, mkokoteni ulikuwa umeshaibeba mashine.

Miaka baadaye, shule ya usiku ikanizibua masikio. Kumbe neno lenyewe lilikuwa Kiingereza, "yu win", yaani umeshinda. Nilicheka darasani mpaka mwalimu akadhani nimeugua. Kufikia hapo susu alikuwa amerudi Kitui na kuzikwa huko, na pale kwenye kibanda chetu watu wanauza maji.

Basi juzi nikapanga foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika nikapewa kijana mmoja aliyeniambia nisijiumize mgongo. Vidole vilikumbuka kila kitu, rafiki yangu, hata vile nilivyodhani vimezeeka. Nikamlaza.

"Buda, hiyo teke umetoa wapi?" akauliza.

Kabla sijajibu, mashine ikatangaza ushindi wangu kwa sauti safi, kila herufi mahali pake. Yu win. Wamerekebisha spika.

Vijana wakanipisha, wakasogea wengine. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo nikaona nimenyoosha mikono yote miwili mbele yangu, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.